Tunapiga kura, wengine wanaigawana

Siku hizi, ukitaka kuona watu wa nyumba moja wanapandishiana sauti, uliza swali moja tu: katiba ibadilishwe ao iachwe? Mmoja atasema Raisi Félix Tshisekedi anahitaji muda wa kumaliza kazi aliyoanza na kusukuma adui inje. Mwingine atasema mihula miwili inatosha, hakuna aliye juu ya sheria. Dakika kumi haziishe, katiba imesahauliwa, na watu wanahesabiana makabila, majimbo na vyama.

Kubishana juu ya viongozi si kosa. Inchi ambamo raia hawabishani juu ya viongozi wao ni inchi ambamo wametiwa woga. Shida yetu ni ingine. Tunagombania majina ya watu, na tunaacha pembeni swali ambalo lingetuunganisha, wa upande wa serkali na wa upande wa upinzani: kura tuliyopiga ilifanya kazi gani? Nani aliichukua, aliipeleka wapi, na alirudi kutuambia nini?

Leo tunataka kufuata njia ya kura hiyo, tangu inapotoka mkononi mwa raia.

Watu wanazidi kubaki nyumbani

Katika duru ya kwanza ya mwaka wa 2006, karibu asilimia 70 ya watu walioandikishwa walienda kupiga kura. Mwaka wa 2011 walikuwa karibu asilimia 59. Mwaka wa 2018, karibu asilimia 48. Katika uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka wa 2023, tume huru ya uchaguzi, CENI, ilitangaza karibu asilimia 43. Chaguzi ine, na kila mara watu wamepunguka.

Tukumbuke mwaka wa 2006 katika Kivu zote mbili. Watu walikuwa wametoka kwenye vita viwili, walitaka amani, na waliamini kwamba yule watakayemchagua ataileta. Katika duru ya pili, Joseph Kabila alipata zaidi ya asilimia 90 ya kura katika Kivu ya Kaskazini na vilevile katika Kivu ya Kusini. Ni vigumu kupata mkopo mkubwa wa imani kushinda huo. Amani haikuja, na mkopo haukulipwa. Waliokuja nyuma walikuta mpiga kura aliyekwisha kuumwa na nyoka: akiona kamba, anaruka.

Tuwe wa haki: si wote waliokosa kura mwaka wa 2023 walikuwa wamechoka na siasa. Vituo vingi vilifunguliwa kwa kuchelewa, mahali pengine mashine na vifaa vilikosekana, na CENI ililazimika kurefusha zoezi hadi siku zilizofuata. Masisi na Rutshuru, pamoja na Kwamouth kule Mai-Ndombe, hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Tena katika inchi yetu kadi ya mpiga kura ndiyo inatumika kama kitambulisho. Mtu anajiandikisha ili apite kwenye kizuizi cha barabarani, apate kadi ya simu, ao apokee pesa alizotumiwa na ndugu yake. Siku ya kura ikifika, anabaki nyumbani kwake na kadi yake mfukoni.

Lakini hata tukiondoa hayo yote, hesabu inabaki. Raisi alichaguliwa kwa zaidi ya asilimia 73 ya kura, mbele ya Moïse Katumbi aliyepata karibu 18, na Martin Fayulu aliyefuata mbali nyuma. Mahakama ya katiba ilithibitisha ushindi huo. Kambi ya serkali inashika tarakimu hiyo na kusema: raia wametupa ruhusa yote. Upinzani unashika tarakimu ingine, ile ya waliobaki nyumbani, na kusema: raia wamewakataa. Tukiziweka pamoja, katika watu kumi walioandikishwa ni watatu hivi waliompa Raisi sauti. Hiyo haifute ushindi wake, kwani ndivyo sheria inavyohesabu. Inamwambia tu kila mshindi asizungumze kana kwamba inchi nzima imelala ndani ya mfuko wake. Na inauambia upinzani kwamba aliyebaki nyumbani si wao pia: kama angekuwa wao, angeenda kuwapigia.

Kambi inahama, mpiga kura anabaki

Mwezi wa kwanza mwaka wa 2019, CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83. Maaskofu wa CENCO, waliokuwa na watazamaji elfu 40, walisema kwamba matokeo hayo hayalingani na yale waliyokusanya. CENI haikutoa matokeo ya kila kituo ili kila mtu alinganishe. Mpaka leo mabishano hayo hayajaisha, kwa sababu karatasi ambazo zingeyamaliza hazikuwekwa mezani.

Katika uchaguzi uleule, muungano wa Kabila, FCC, ulipata zaidi ya viti 300 katika Bunge lenye viti 500. Kwa hiyo Raisi alikuwa wa upande huu, Bunge la upande ule, na wakakubaliana kutawala pamoja. Mwisho wa mwaka wa 2020 ndoa ikavunjika. Mwezi wa 12, wabunge walimwangusha Jeanine Mabunda kwenye kiti cha raisi wa Bunge. Mwezi uliofuata wakamwangusha Waziri mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba. Walioangusha walikuwa, kwa sehemu kubwa, walewale walioingia Bungeni chini ya bendera ya Kabila. Waliamka wakiwa Muungano mtakatifu wa taifa.

Ni raia gani aliyeitwa ili akubali ao akatae uhamaji huo? Hakuna. Katiba, kwa kifungu cha 110, inasema kwamba mbunge anayeacha chama chake kwa kutaka mwenyewe anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Lakini wengi hawakuacha chama: jina lilibaki, kambi ndiyo ilibadilika. Vyama vizima vilivuka mto na mizigo yao.

Wakati huo wanaompenda Raisi walifurahi, na wanaompenda Kabila walilia kwamba wamesalitiwa. Tuwaulize wa kwanza: kama wabunge wa UDPS ndio wangevuka kwenda kwa Kabila, mungefurahi vilevile? Na tuwaulize wa pili: wakati wapinzani walipokuwa wakinunuliwa mmoja mmoja ili waje kwenu, mulilia? Sheria nzuri ni ile unayoikubali hata ikishikwa na mtu usiyempenda. Kipimo hicho kitarudi mbele kidogo.

Miezi mitano bila serkali kamili

Tuje mwaka wa 2024. Raia walipiga kura tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka wa 2023. Raisi aliapa tarehe 20 mwezi wa kwanza. Waziri mkuu Judith Suminwa aliteuliwa tarehe 1 mwezi wa ine. Serkali ikatangazwa mwisho wa mwezi wa tano. Hesabu: zaidi ya miezi mitano.

Mbona muda huo wote? Kambi iliyoshinda ilikuwa kubwa sana: vyama vingi na makundi ya vyama, na kila mmoja ameleta wabunge wake, kila mmoja anasubiri sehemu yake. Hakukuwa na mpinzani wa kuzuia. Walikuwa wanagawana wenyewe kwa wenyewe.

Huku kwetu miezi hiyo ilikuwa na uzito. Mapigano yalifika karibu na Sake, watu wakajaa kando ya Goma chini ya mahema. Tarehe 3 mwezi wa tano, bombi zilianguka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani upande wa Mugunga na Lac Vert, zikaua raia, watoto wakiwa ndani. Siku hiyo inchi ilikuwa bado inaongozwa na mawaziri waliokuwa wakingojea tu kukabidhi ofisi. Hatusemi kwamba serkali mpya ingezuia bombi. Tunasema kwamba mama aliyekuwa chini ya hema lile alikuwa na haki ya kujua nani ni waziri wake wa ulinzi kwa kweli, si kwa muda.

Serkali hiyo ya kwanza ilikuwa na watu 54. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa pili Bukavu ikafuata. Raisi akaahidi serkali ya umoja wa taifa. Mashauriano yakafanyika, na mwezi wa nane serkali ikatoka, na watu 53. Mpinzani Adolphe Muzito aliingia na kupewa bajeti. Wengine walibaki inje wakidai kwanza mazungumzo ya kitaifa. Miji miwili mikubwa ilianguka, na viti vilipunguka kwa kimoja.

Mwezi uliofuata, Kinshasa ikazungumza juu ya jambo lingine: Vital Kamerhe, raisi wa Bunge la taifa, alikabiliwa na barua ya malalamiko iliyotiwa sahihi na wabunge, na akajiuzulu. Lawama zilihusu usimamizi wa Bunge na pesa zake. Katika Kivu ya Kusini wengine waliona mtoto wao anaonewa, wengine walisema alivuna alichopanda. Wote walizungumza juu ya mtu. Wachache waliuliza swali la mpiga kura: hesabu za Bunge ziko wapi, ili sisi wenyewe tuone kama lawama ni za kweli? Kiongozi aliondoka, na daftari lilibaki limefungwa.

Aliye karibu nawe hukumchagua

Kuna sababu ingine ya uchungu wa raia, na hiyo haipigiwe kelele kwenye televisheni.

Maji yanapokosekana, barabara inapokatika, ushuru wa soko unapoongezwa bila maelezo, raia anaenda kwa nani? Kwa shefu wa kata, kwa burgumestre, kwa meya, kwa gavana. Katika hao wote, ni nani alimpigia kura?

Gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, watu makumi machache ndani ya ukumbi mmoja. Kila mara uchaguzi huo unapokaribia, wote wanazungumza juu ya bei ya sauti, kama vile wanazungumza juu ya bei ya maharagi. Maseneta ni vilevile. Mwezi wa tatu mwaka wa 2019 Raisi mwenyewe alisimamisha kwa muda kuingia kazini kwa maseneta wapya kwa sababu ya tuhuma za rushwa. Kisha waliingia.

Meya na burgumestre, kwa miaka na miaka, wanateuliwa toka juu. Katiba ni ya mwaka wa 2006, lakini madiwani wa komini walichaguliwa mara ya kwanza mwezi wa 12 mwaka wa 2023, na ni katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Watu wa Kalehe, wa Walikale, wa Fizi ao wa Mambasa bado wanangojea siku yao.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri hali ni nzito zaidi. Tangu tarehe 6 mwezi wa tano mwaka wa 2021 majimbo hayo yako chini ya utawala wa kijeshi. Uliwekwa kwa siku 30, kisha ukarefushwa kila siku 15, mara nyingi hata hesabu inapotea. Mpiga kura wa Bunia ao wa Butembo alichagua wabunge wa jimbo mwaka wa 2023, lakini gavana wake ni ofisa wa jeshi asiyejibu mbele ya wabunge hao. Raia wa Beni na Butembo wana kumbukumbu ingine: mwaka wa 2018 walizuiwa kuchagua Raisi kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Walipiga kura ya wabunge tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka wa 2019, Raisi akiwa kazini tangu miezi miwili. Mwaka wa 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru kukosa. Ukitazama vizuri, mashariki kila uchaguzi kuna mlango mmoja unaofungwa.

Hata wabunge wa taifa, wale tunaowachagua moja kwa moja, hawaingii kwa wingi wa sauti peke yake. Sheria ya uchaguzi inadai kwamba orodha ifikishe asilimia moja ya kura za inchi nzima. Mtu anaweza kupata sauti nyingi katika wilaya yake na kukosa kiti, kwa sababu chama chake hakikupata sauti za kutosha kule Bandundu ao Mbandaka. Wanaotetea sheria hiyo wanasema inapunguza vyama vya mfukoni, na ni kweli vyama vimekuwa vingi kupita kiasi. Lakini mgombea anajifunza haraka: cha kwanza si kuwasikiliza watu wa kwao, ni kujificha ndani ya kundi kubwa la vyama. Na mwenye kundi, huyo yuko Kinshasa. Kwa hiyo mbunge akiingia, deni lake la kwanza ni kwa mwenye kundi, na sisi tunakuja nyuma.

Vita si sababu ya kunyamaza, bunduki si kura

Kambi ya serkali inajibu: huu si wakati wa kulaumu, inchi imeshambuliwa. Ni kweli imeshambuliwa. Mwezi wa pili mwaka wa 2025, Baraza la usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2773, lilidai jeshi la Rwanda liache kusaidia M23 na liondoke katika udongo wa Congo. Anayejifanya haoni hilo hatusaidii.

Upinzani unajibu: adui aliingia kwa sababu mlango ulikuwa umeoza, askari bila chakula, pesa za vita bila hesabu. Na hilo raia wa Sake ao wa Kavumu hawahitaji kuambiwa, waliona kwa macho yao askari wakipita wakikimbia.

Maneno yote mawili yanaweza kusimama pamoja. Nyumba inaweza kuvamiwa na mwizi, na vilevile mlinzi akawa amelala. Anayesema mwizi peke yake anamficha mlinzi. Anayesema mlinzi peke yake anamsafisha mwizi. Vita vinaomba raia waungane, lakini havimpe kiongozi ruhusa ya kutotoa hesabu. Ni wakati wa vita hasa ndipo hesabu ya mshahara wa askari inakuwa jambo la kufa na kupona.

Na tuseme wazi juu ya wale wanaoshika Goma na Bukavu. Wanasema walichukua silaha kwa sababu utawala wa Kinshasa ni mbaya. Basi, wao walichaguliwa na nani? Wameweka magavana wao, wanalipisha ushuru, na hakuna sanduku la kura lililopita. Raia wa miji hiyo alikuwa na kura isiyofanya kazi vizuri. Sasa hana hata hiyo. Ubaya wa kura yetu hautengenezwe kwa kuichoma.

Katiba: kila kambi inaipenda ikiwa inje

Turudi kwenye ugomvi wa nyumbani. Katiba yetu ilikubaliwa na raia katika kura ya mwezi wa 12 mwaka wa 2005, kwa zaidi ya asilimia 80, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa pili mwaka wa 2006. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya Raisi. Mwezi wa kumi mwaka wa 2024, akiwa Kisangani, Raisi alitangaza kwamba ataunda tume ya kufikiri juu ya katiba mpya. Tangu hapo inchi imegawanyika.

Wanaotaka mabadiliko wana hoja ambazo hazifai kuchekwa. Wanasema katiba ilizaliwa ndani ya mapatano ya watu waliokuwa na silaha, na kwamba miezi ya kungojea serkali inatokana na namna taratibu zilivyoandikwa. Wanaokataa wanasema: shida si maandiko, ni kutoyaheshimu, na mlango ukifunguliwa kwa jambo dogo, kifungu cha 220 kitatoka nao.

Lakini angalieni nani anasema nini. Kati ya 2015 na 2018, UDPS ilikuwa barabarani ikitetea katiba dhidi ya muhula wa tatu wa Kabila. Vijana waliuawa katika maandamano hayo, na tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2017 waumini walipigwa risasi wakitoka kanisani. Leo watu wa chama hichohicho wanasema katiba imezeeka, na watu wa Kabila, ambaye mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwezi wa tisa mwaka wa 2025 asipokuwepo, wamekuwa watetezi wakubwa wa kifungu cha 220.

Historia ina somo hapa. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2011, wabunge wa Kabila walibadilisha katiba haraka na kufuta duru ya pili ya uchaguzi wa Raisi. Walidhani wanamsaidia mtu wao. Mwaka huo kweli alishinda. Lakini mwaka wa 2018 ni sheria hiyohiyo iliyoruhusu mgombea wa upinzani kutangazwa Raisi kwa asilimia 38 na nusu, bila duru ya pili, huku mgombea wa Kabila akiwa wa tatu. Aliyekata daraja ili adui asivuke, ni yeye aliyebaki ng'ambo.

Hiki ndicho kipimo tulichokisema. Unayetaka Raisi aongezewe muda, jiulize kama ungependa ruhusa hiyo hiyo apewe Raisi utakayemchukia mwaka wa 2034. Unayekataa kuguswa kwa neno lolote, jiulize kama utakataa vilevile siku mtu wako atakapokuwa kwenye kiti. Kama jibu linabadilika kufuata jina la mtu, basi hatubishani juu ya katiba.

Sisi pia tuko ndani

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kulaumu wakubwa. Lakini raia pia ana sehemu yake. Kikwembe, polo, kilo ya chumvi, chupa ya pombe: tumevipokea, na kisha tunashangaa mheshimiwa haonekani kwa miaka mitano. Kwake, deni lilikwisha kulipwa. Tena mara nyingi tumeuliza « ni wa kabila gani? » kabla ya kuuliza « alifanya nini Bungeni? ». Mbunge anayejua kwamba atachaguliwa kwa ajili ya jina la babu yake hana sababu ya kufanya kazi.

Yako mambo ambayo wa kambi zote wanaweza kudai pamoja kabla ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka wa 2028, bila kuacha chama chao.

La kwanza, matokeo ya kila kituo cha kura yatangazwe na kuwekwa wazi, kwa Raisi, kwa wabunge wa taifa na wa majimbo. Aliyeshinda kweli hapotezi kitu. CENI yenyewe ilionyesha kwamba wizi upo: mwezi wa kwanza mwaka wa 2024 ilifuta kura za wagombea 82 na kubatilisha uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma. Kama majina makubwa yalikamatwa mara moja, tunahitaji karatasi ili tujue ni wangapi walipita.

La pili, mpango wa kuandikisha na kupigisha kura wakimbizi wa ndani na watu wa maeneo ya vita utangazwe mapema. Usingojewe mwezi wa mwisho ili tuambiwe tena kwamba Masisi na Rutshuru hawawezi.

La tatu, uchaguzi wa madiwani, wa mameya na wa maburgumestre ufanyike kila mahali panapowezekana, na utawala wa kijeshi upewe tarehe ya mwisho ao maelezo ya kweli mbele ya raia wa Ituri na Kivu ya Kaskazini.

La ine, chama kinachobadilisha kambi katikati ya muhula kilazimike kurudi kwa wapiga kura wake, kwa njia ambayo sheria itaandika. Iwe kinahamia kwa serkali, iwe kinahamia kwa upinzani.

La tano halingoje sheria yoyote. Vikao vya kawaida vya Bunge vinaisha tarehe 15 mwezi wa sita, na vinafunguliwa tena tarehe 15 mwezi wa tisa, kikao cha bajeti. Katikati, wabunge wako kwenye likizo, na likizo hiyo imewekwa ili warudi kwa watu waliowatuma, wawasikilize na kuandika ripoti. Ndugu msomaji, unajua majina ya wabunge wote wa mji ao wilaya yako? Yaandike. Likizo ijayo, wewe pamoja na yule jirani ambaye mulikosana juu ya Raisi, muende kwa mbunge, na kama kwenu hakufikiki kwa sababu ya vita, mumpigie simu ao mumwandikie. Musimwulize yuko kambi gani. Mumwulize maswali matatu: alipiga kura gani juu ya bajeti, ni kiasi gani kiliandikwa kwa ajili ya barabara na hospitali yenu, na ni kiasi gani kilifika. Jibu lake, ao kimya chake, mukitangaze kanisani, sokoni na kwenye redio ya kwenu.